Moshi wa Songea na Mizani Yake

Mtu aingiaye katika jiko la kizamani la Ungoni, lile jiko la nyasi linalosimama peke yake nyuma ya nyumba ya kulala, hupokewa na giza. Na macho yake yakishazoea, hutambua kuwa giza lile halikuletwa na uchache wa madirisha tu, bali ni la paa lenyewe, kwa kuwa boriti, fito, kamba na nyasi zimevikwa joho jeusi linalometameta kana kwamba fundi amezipaka lami. Hayo ni masizi. Juu ya mafiga hutundikwa uchaga, na juu ya uchaga hupangwa mahindi ya mbegu pamoja na maganda yake, ili moshi uyapitie usiku na mchana na kuwafukuza fukusi mpaka mvua za Novemba zitakapowadia. Na kina mama waliolelewa katika majiko hayo waweza kukuambia, kwa kutazama unene wa masizi tu, kama nyumba ile ilipika sana mwaka ule au ilipika kidogo. Bibi yangu alikuwa akipitisha kidole juu ya ufito, akakitazama, akatikisa kichwa, na kunena juu ya ukoo mzima mambo ambayo si ya kuandikwa hapa.

Nimeanza na kidole cha bibi yangu kwa sababu katika habari ninayotaka kuisimulia kidole kile ni chombo cha kupimia, tena ni cha zamani kuliko vyombo vyote vitakavyotajwa baadaye, na kwa miaka mingi hakikuwa na mshindani katika nchi hii. Habari yenyewe ni ya moshi: jinsi watu wa Songea walivyoufanya kwa makusudi, wakaufuga kama mfugo, wakaufanya biashara, na jinsi wataalamu wa mbali, katika zama zilezile, walivyokuwa wakihangaika kuutia moshi katika hesabu, kwanza kwa shauku ya kujua ukungu na mvua hutokana na nini, kisha kwa haja ya kujua kifua cha mwanadamu huharibiwa na nini. Njia hizi mbili zilikwenda sambamba muda mrefu, pasipo wa huku kujua ya kule.

Wangoni, kama ijulikanavyo, walitoka kusini. Mwezi wa Novemba 1835 jeshi la Zwangendaba lilivuka Mto Zambezi siku ya kupatwa kwa jua, likapanda hata Ufipa, na baada ya kufa kwake mfalme huyo kundi likagawanyika. Walioteremka upande wa mashariki wakafika katika nchi hii ya vilima na miombo, na baada ya vita vya wao kwa wao zikasimama dola mbili, Njelu na Mshope. Walikuja na ngao na ng'ombe, na walikuja pia na mazoea ya ugoro, ambao ni tumbaku iliyosagwa ikawa unga mwororo wa kuvutwa puani, nayo ni adabu ya wazee iliyotaka mkono mwepesi na jiwe laini, kwa maana ugoro wa chembe kubwa humkera mvutaji na ule wa chembe ndogo mno hurushwa na pumzi kabla haujafika unapotakiwa. Mzee aliyesaga ugoro wake mwenyewe alijua, bila ya mwalimu, kuwa unga mmoja huwa na tabia mbalimbali kwa kadiri ya udogo wake. Wamatengo waliokimbilia milimani wao wakashika njia nyingine kabisa, kwani katika kilimo chao cha ngoro majani yaliyofyekwa hayachomwi, bali hulazwa kwa miraba na kufukiwa udongoni yaoze. Na nadhani hakuna kilimo katika nchi zetu kilichoufanyia moshi ubahili kama hicho.

Mwaka 1897 Wajerumani wakajenga boma, na mji ukachukua jina la nduna Songea Mbano. Miaka minane baadaye ukaja moshi ambao haukuwa wa jiko wala wa shamba. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vijiji na vihenge vya nafaka vilitiwa moto ili njaa imalize kazi ambayo bunduki haikuimaliza, na wakuu wa Wangoni wakanyongwa. Ndiyo maana kila mwaka tarehe 27 Februari watu hukusanyika Mahenge, mjini Songea, kuwakumbuka. Juu ya moshi ule sina la kuongeza, maana waliousimulia walikuwa mashahidi, nami si shahidi.

Moshi ninaoufuatia mimi ni wa tumbaku. Katika miaka ya 1930, Waingereza wakiwa watawala, kilimo cha tumbaku ya kuuza kilishika mizizi katika Songea, na mwaka 1936 kikaandikishwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, ambacho watu wote walikiita NGOMAT, ili mkulima apate soko pasipo kumwangukia mfanyabiashara mmoja mmoja. Tumbaku ina jamii zake, na watu wa kazi huzitenga kwa namna zinavyokaushwa: kuna tumbaku ya mvuke, ambayo hukaushwa kwa joto lipitalo ndani ya mabomba na moshi wake hutupwa nje, kuna ya hewa, ambayo huachiwa upepo, na kuna tumbaku ya moshi, na hii ndiyo iliyoipatia Songea jina. Jani lake ni zito, jeusi kwa wekundu, lenye mafuta na harufu kali, na wanunuzi wa ng'ambo walilitaka kwa kiko, kwa biri, kwa ugoro na kwa ile ya kutafunwa. Walichokuwa wakikinunua, ukitafakari vizuri, hakikuwa jani peke yake. Walinunua jani lililobeba moshi.

Jengo la kukaushia huitwa bani. Mtu wa pwani alisikiapo neno hili huenda akadhani kuwa limekatwa katika ubani, na ingawa asili yake ni Kiingereza, kosa lake lina maana, kwani bani nalo ni chetezo, ila ni chetezo kikubwa cha ukubwa wa nyumba. Majani yakishakomaa huchumwa, hutungwa katika fito, na fito hupangwa safu juu ya safu kutoka kimo cha mtu hata karibu na kipaa. Huachwa kwanza siku kadhaa yanyauke na kugeuka manjano. Kisha moto huwashwa sakafuni, nao si moto wa kuota wala wa kupikia, bali ni wa magogo ya miti migumu yanayofukuta chini kwa chini, yakifunikwa na kufunuliwa, yakinyimwa hewa na kupewa kidogo, mpaka nyumba nzima ijae moshi mzito wa rangi ya maziwa usioonyesha ncha ya mwale.

Hapo ndipo ustadi ulipo. Mlinzi wa bani, ambaye aghalabu ni mwenye shamba mwenyewe au mwanawe mkubwa, hana budi kuingia mara kwa mara, mchana na usiku, kwa siku nyingi mfululizo, kuutazama moto. Mwale ukipanda, jani kavu lililodondoka hushika, na bani lote pamoja na jasho la mwaka mzima huwa majivu kabla jirani hajaamka. Moto ukizimika, jani huota ukungu na mteuzi wa sokoni hulitupa katika daraja la chini. Baina ya hatari hizo mbili kuna njia nyembamba, na mlinzi huifuata kwa rangi: moshi mweupe mzito kupita kiasi maana yake kuni ni mbichi mno, ule wa samawati mwepesi ni wa moto ulioanza kupata nguvu, mweusi ni wa hatari, tena ni wa kukimbiliwa na ndoo ya maji. Hubaki mlangoni akachungulia, huinama akapita chini ya fito ambako hewa ina nafuu, hugeuza gogo, hutoka nje, hukohoa, hutema, hufuta machozi kwa kiwiko, na baada ya muda hurudi tena. Nimesikia watu wakiitaja kazi hii kana kwamba ni ya ujima, jambo lisilo na elimu. Nami nasema kuwa kuudumisha moshi wa namna moja, wa rangi moja na joto moja, kwa siku nyingi mfululizo, ni kazi ambayo, kama tutakavyoona, imewasumbua maprofesa.

Baada ya hayo huja soko. Majani huteuliwa, hufungwa mitumba, hupelekwa chama cha msingi, na hapo hukaa mizani. Sijui chombo kilichopendwa na kushukiwa kwa wakati mmoja kama mizani ya tumbaku. Mkulima huikazia macho kama mtu amtazamavyo kadhi anayetaka kutoa hukumu. Vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, vikarudishwa katika muongo uliofuata, na leo wa Songea na Namtumbo wana chama kikuu chao, SONAMCU. Lakini mizani ilikuwapo kabla ya yote hayo, na risiti imekuwa na mambo yaleyale: uzito, daraja, bei. Moshi umelipwa ndani ya uzito wa jani. Ule ulioingia katika pafu la mlinzi hauna safu yake katika risiti.

Sasa natukumbushane mambo ya mbali. Mnamo mwaka 1888, miaka 9 kabla ya boma la Songea, Mskoti mmoja wa Falkirk, John Aitken, alitengeneza kifaa cha kuhesabu vumbi lisiloonekana kwa jicho. Alikuwa amegundua kuwa mvuke haugeuki tone pasipo kupata chembe ya kuikalia, kama ndege asivyotua pasipo tawi. Basi akatia hewa kidogo katika chumba chenye unyevu, akavuta pampu ili hewa ipanuke ghafla na kupoa, na kila chembe, hata iwe ndogo namna gani, ikajivika maji ikawa tone, na tone likaanguka juu ya sahani ya fedha iliyochorwa miraba midogo, naye akainama na kioo cha kukuzia akahesabu moja, mbili, tatu. Hila hii ni nzuri kwa sababu ya unyenyekevu wake: kwa kuwa hakuweza kuiona chembe, aliivika nguo akaiona nguo. Akaenda nacho mijini na milimani, hata juu ya Ben Nevis, akihesabu hewa kama mtoza ushuru ahesabuvyo mizigo. Na chembe za udogo ule, chini ya sehemu moja ya kumi ya mikromita, zaitwa kwa jina lake hata leo.

Lakini Aitken alihesabu kwa ajili ya mawingu. Waliohesabu kwa ajili ya mapafu walikuwa wa kusini, katika nchi ile ile ambako babu za Wangoni walitoka. Katika machimbo ya dhahabu ya Witwatersrand wachimbaji walikuwa wakifa kwa vumbi la mawe, na mwaka 1916 mkuu wa wahandisi wa migodi wa serikali, Robert Kotzé, alitoa chombo kiitwacho konimita, ambacho kwa nguvu ya springi huvuta kiasi cha sentimita 5 za ujazo wa hewa na kuipiga juu ya kioo kilichopakwa mafuta, vumbi likanata, likahesabiwa chini ya hadubini. Mwaka 1930 mabingwa wa dunia walikutana Johannesburg kuzungumza juu ya ugonjwa wa vumbi la mawe, na mwaka 1959 wakakutana tena palepale, wakakubaliana juu ya jambo lililoonekana dogo, nalo ndilo lililobadili elimu yote: kwamba vumbi lisipimwe lote kwa jumla, bali litengwe lile linaloweza kupita pua, koo na matawi ya pumzi likafika mwisho kabisa, katika vifuko vya pafu. Wana wa kusini mwa Tanganyika walikuwamo katika mashimo hayo, wamechukuliwa kwa mkataba na lile shirika walilolitamka Wenela. Wengine, na hasa Wangoni, walipelekwa mashamba ya mkonge ya Tanga na kuitwa manamba, wakapiga brashi katika mavumbi ya namna nyingine. Kwa hiyo kijana wa Songea aliyekwepa moshi wa bani la baba yake huenda aliuacha moshi akaliendea vumbi. Na vumbi la kusini ndilo la kwanza lililopata karani wa kulihesabu.

Moshi ulichelewa kwa sababu ni mgumu kuliko vumbi. Vumbi la mwamba ni vipande vya mwamba, hukaa kama vilivyo. Moshi huzaliwa. Ukuni ukifukuta hutoa mvuke wa lami ambao, ukikutana na hewa baridi, huganda ukawa vitone; ukuni ukiwaka kwa mwale hutoa masizi, yaani shanga ndogo za kaboni zinazoungana na kufanya minyororo; na hivi vyote, tangu dakika ya kwanza, hugongana, hushikamana na kukua, hata moshi wa mlangoni mwa jiko si moshi wa juu ya mafiga. Vipimo vyake ni vya nanomita, ambayo ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Shanga za masizi ni za makumi ya nanomita. Unywele wa mtu, ambao ni kama nanomita 70,000 kwa upana, ungeweza kulaziwa chembe 700 za nanomita 100 bega kwa bega. Walimu wa vyuo vya pwani waliochanganya masizi na gundi ya mti wakapata wino mweusi usiopauka waliandika kwa chembe za kadiri hiyo, na jambo hilo, kwa hakika, hufurahisha kulifikiri: kwamba hati zinazotunzwa katika masanduku ya kale zimeandikwa kwa moshi.

Ili moshi upimwe kwa uadilifu, hapana budi ufanywe kwanza, na ufanywe uleule kila siku. Hapa ndipo maprofesa walipoingia banini. Katika maabara za Ulaya na Marekani wamebuni njia nyingi za kuzalisha chembe hewani: kunyunyiza maji ya chumvi kama manukato ya mrashi, kisha kuyakausha ili ibaki chembe ya chumvi tupu, kurusha cheche za umeme baina ya vijiti viwili vya makaa ili kaboni ipae na kuganda, kuwasha mwale mdogo wa gesi na kuuzima nusu kwa hewa ya naitrojeni ili masizi yatoke ya saizi moja. Wale waliotaka moshi wa kuni hasa walilazimika kuleta jiko na kuni, na wakakuta yaleyale ayajuayo mlinzi wa bani, ya kuni mbichi na kuni kavu, ya kuchochea mapema na kuchochea kwa kuchelewa, ya moto unaogeuka tabia wakati mtu amegeuza uso. Pale Gothenburg, katika Sweden, watafiti waliwaweka watu 13 chumbani kwa vikao viwili vya saa 4, baina yake juma moja, kimoja kwa moshi wa kuni na kingine kwa hewa safi, wakapima damu na pumzi zao. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2006. Moshi wa chumba kile ulikuwa na mikrogramu baina ya 240 na 280 katika mita moja ya ujazo, na damu ya watu wale ilionyesha alama za uvimbe wa ndani na za kuganda. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2021 linataka hewa ya siku nzima isizidi mikrogramu 15 za chembe hizo laini.

Nimetaja mikrogramu, nazo ni za mizani. Hapa nataka msomaji avumilie kidogo, maana ndipo penye kiini. Muda mrefu moshi ulipimwa kama tumbaku ipimwavyo, kwa uzito: pampu huvuta hewa kupitia chujio, chujio hupimwa kabla na baada, na tofauti ndiyo jawabu. Kwa vumbi kubwa njia hii ni ya haki. Lakini chembe moja ya mikromita 10 ina uzito sawa na chembe milioni moja za nanomita 100 za kitu kilekile, na milioni ile kwa pamoja ina ngozi mara mia ya ile ya chembe moja. Kwa hiyo mizani huwatangaza kuwa sawa wageni ambao mmoja amekuja peke yake na mwingine amekuja na jeshi. Katika miaka ya 1990 mwanzoni, Günter Oberdörster na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Rochester waliwapa panya unga wa dioksidi ya titani wa namna mbili, wa chembe za nanomita 20 hivi na wa chembe za nanomita 250 hivi, kwa uzito ule ule. Wale waliopewa chembe ndogo mapafu yao yakavimba zaidi, na chembe zenyewe zikapenya kutoka vifukoni hadi katika nyama ya pafu. Ikabainika kuwa mizani peke yake haitoshi kuwa shahidi. Ndipo ile hila ya Aitken, iliyokuwa imekaa kama kitu cha mawingu, ikarudishwa kwa heshima kuu: vyombo vya leo hutia chembe umeme, huzipitisha katika uwanda wa umeme ambamo ndogo hupinda haraka na kubwa hupinda polepole, njia iliyokamilishwa Minnesota na Knutson na Whitby mwaka 1975, kisha huzivika mvuke wa alkoholi iitwayo butanoli mpaka ziwe matone ya kuonekana na mwanga, na mwanga huzihesabu moja moja. Moshi wa Gothenburg uliohesabiwa namna hiyo ulikuwa na chembe baina ya 95,000 na 180,000 katika sentimita moja ya ujazo, yaani katika nafasi isiyozidi punje ya karanga kubwa.

Afrika Mashariki haikuhitaji kuzalisha moshi, ilikuwa nao. Majid Ezzati na Daniel Kammen walikaa Mpala, katika wilaya ya Laikipia huko Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakapima katika nyumba 55, na walichofanya ambacho wengi kabla yao hawakukifanya ni kumfuata mpishi badala ya kuuacha mtambo ukutani. Wakaona kuwa moshi wa jiko hauji kwa mfululizo bali huja kwa vishindo, na kishindo kikubwa ni pale kuni zinapotiwa na mama anapoinama kuupuliza moto, uso wake ukiwa juu ya mafiga. Mtambo wa ukutani huandika wastani, mama huvuta kishindo. Hapa kwetu, katika Bagamoyo, utafiti uliochapishwa mwaka 1992 juu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano ulihesabu kulala katika chumba kinachopikiwa kuwa miongoni mwa mambo ya hatari, na mwaka 2007 Kilabuko na wenziwe wakapima katika majiko ya wilaya hiyohiyo moshi, monoksidi ya kaboni na dioksidi ya naitrojeni. Simon Mamuya wa Muhimbili, pamoja na wenzake wa Bergen, waliwavika wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kiwira pampu ndogo kiunoni na chujio karibu na ukosi, wakakuta kuwa wachongao njia mpya chini ya ardhi ndio wavutao vumbi zaidi. Na Gloria Sakwari alifanya vivyo katika viwanda vya kukoboa kahawa vya Kilimanjaro, akakuta wafanyakazi wakikohoa kuliko wasiofanya kazi hiyo. Nikisoma habari ya kahawa ile nawakumbuka wa Mbinga, ambao kiwanda chao hukoboa kahawa ya Wamatengo kwa mavumbi yasiyotofautiana sana.

Na makaa ya mawe sasa ni yetu pia. Mwanajiolojia Stockley aliyapima makaa ya bonde la Ruhuhu na kuyaandika mwaka 1932, wakati tumbaku ya Songea bado changa. Yakalala ardhini karibu miaka 80, mpaka mwaka 2011 yalipoanza kuchimbwa Ngaka, katika kijiji cha Ntunduwaro wilayani Mbinga. Siku hizi malori yake hupita barabara zetu, mengine yakishika njia ya bandari ya Mtwara, na yapitapo katika vituo vya njiani wauza ndizi hufunika meza zao kwa khanga kisha hufunua, hufunika tena, hufunua tena, na jioni khanga hukung'utwa. Bibi yangu angalikuwapo angaliipitishia kidole.

Jikoni nako mambo yanabadilika, ingawa polepole. Serikali ilitangaza mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye azma ya kuwa ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wapike pasipo moshi, na mitungi ya gesi imekwisha kuonekana hata katika vijiji ambavyo zamani havikuwa na duka la mafuta ya taa. Mama mmoja wa huko Ungoni, nilipomsifia mtungi wake, aliniuliza mbegu atazitundika wapi. Sikuwa na jawabu. Alikuwa ameununua mtungi na kuliacha jiko la nyasi lisimame, akiwasha moto humo mara moja kwa juma kwa ajili ya mahindi tu, mlango ukiwa umefungwa na yeye yu nje.

Na walinzi wa mabani wa zamani bado wapo, wazee sasa. Ninamjua mmoja ambaye aliifanya kazi ile tangu ujana hata nguvu zilipompungukia, na ambaye kwa miaka yote hiyo mkewe hakumruhusu kuingia nyumbani na shati la kazini. Lilining'inia nje, kwenye msumari chini ya upenu, lilifuliwa Jumamosi, na halikuwa jeupe tena baada ya msimu wa kwanza. Nilipomwuliza kama alipata kujua kiasi gani cha moshi alikuwa akivuta, alicheka, akaanza kukohoa, akangoja kikohozi kipite, kisha akanyoosha kidole kuelekea upenuni, ambako msumari ungaliko.